Oveni Chafu, Magadi na Subira: Somo Kutoka Jikoni

  Wenzangu wa Chama cha Kiswahili waliponiomba niandike somo la mwaka huu, wengi walidhani nitaandika juu ya ngeli au methali kama ilivyo ada. La hasha! Nimeamua kuwapeleka jikoni, tena si kupika bali kusafisha. Somo langu ni oveni: jinsi inavyochafuka, jinsi ya kuisafisha bila kujiumiza, na jinsi ya kuitunza ili isirudie hali yake ya zamani. Najua wapo wanaocheka tayari, hasa wavulana wa viti vya nyuma. Someni hadi mwisho ndipo mcheke.

KISA KILICHONIFUNDISHA

Nyumbani kwetu ni Kitengela, si mbali na barabara kuu iendayo Namanga. Wanaopajua huko wanajua jinsi mji ulivyopanuka. Palipokuwa malisho ya ng'ombe sasa pana ploti na nyumba za ghorofa, na maji wengi wetu twanunua kwa mtungi wa lita 20. Mama yetu huoka keki za kuuza, za siku za kuzaliwa na za sherehe ndogo ndogo. Kuka yetu ni ya gesi, ina vichomeo 4 juu na oveni chini, na mama aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Sasa, oveni hiyo ilikuwa haijasafishwa ipasavyo kwa muda mrefu sana. Mimi nilidhani ni kazi ya dada. Dada alidhani ni kazi ya mama. Mama naye, akitoka kupeleka keki amechoka tiki, alikuwa akiufunga mlango wa oveni na kusema, "Kesho." Kaka ndiye hakudhani lolote, kwani kwake yeye jikoni ni mahali pa kuchukua chakula na kuondoka.

Likizo moja ya Desemba mteja mmoja aliagiza keki 3 za sherehe. Mama alikesha akizioka. Kesho yake jioni mteja akarudi na keki 2 ambazo hazijaguswa. Akasema kwa upole, "Mama, keki zako ni laini kweli, lakini mbona zinanuka moshi?" Mama hakubishana. Alimrudishia pesa zake zote. Ndugu msomaji, pesa hizo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi, kwani zilikuwa sehemu ya karo yangu. Shule zilipofunguliwa nilikaa nyumbani juma zima nikingojea salio lipatikane, na wenzangu wakaanza mada mpya ya Kemia bila mimi.

Lakini kabla ya hapo yalitokea makubwa zaidi. Kaka, kwa kumwonea mama huruma, aliamua kumaliza shida hiyo kwa siku moja. Alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi akanunua kostiki soda, ile inayotumiwa kuzibua mabomba ya maji machafu. Akaweka sinia la alumini la kuokea kwenye karai, akamimina kostiki juu yake, kisha akatia maji ya moto. Kumbe! Yale maji yalitokota na kufoka povu kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, mvuke mkali ukatukaba koo, na tone likaruka likamwangukia kwenye kifundo cha mkono. Mama alimvuta hadi kwenye mtungi akawa anammiminia maji, kopo baada ya kopo, mpaka mtungi ukaisha tukafungua wa pili. Kovu analo hata leo. Sinia nalo liligeuka jeusi, likawa na vitundu kama chujio.

Siku chache baadaye nyanya akatutembelea kutoka Kajiado. Katika kikapu chake mlikuwa na maharagwe, na ndani ya karatasi alikuwa amefunga donge la magadi la kulainishia maharagwe hayo. Aliitazama oveni, akautazama mkono wa kaka, akatikisa kichwa. "Nyinyi mnaisugua kama mnaogombana nayo," akasema. "Ipakeni magadi mkalale." Tulimcheka kidogo moyoni. Asubuhi yake hatukucheka tena, maana tulipopitisha kitambaa, ukoko wa miaka ulitoka kama matope.

Basi, niliporudi shuleni nilitaka kujua: magadi yana nini? Na mbona kostiki ilimuunguza kaka na magadi hayakumuunguza nyanya? Majibu niliyoyapata katika vitabu na katika maabara yetu ndiyo somo la leo.

UCHAFU WA OVENI NI KITU GANI?

Tukisema "uchafu" twadhani ni kitu kimoja. Ndani ya oveni kuna namna 3 za uchafu, na kila moja ina tabia yake.

Kwanza ni mafuta. Nyama ikichomwa au keki ikifurika, mafuta huruka na kushika kutani. Mafuta mabichi hutoka kwa sabuni na maji ya moto. Lakini yakipikwa tena na tena kwenye joto la nyuzi 180 hadi 220, chembe zake hushikana zikawa minyororo mirefu. Hapo hugeuka utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama vanishi ya mbao. Sabuni ya kawaida haiwezi kuuondoa.

Pili ni sukari na wanga, yaani unga na sukari vilivyomwagika. Hivi huungua vikawa ukoko mweusi. Kila unapowasha oveni ukoko huo huungua zaidi na kutoa moshi, na moshi huo ndio ulioingia katika keki za mama.

Tatu ni masizi. Haya hutokana na moto usiopata hewa ya kutosha. Mwali wa gesi wenye afya ni wa samawati. Ukiuona wa manjano na sufuria zinashika weusi, jua vitundu vya kichomeo vimeziba au hewa haitoshi. Hilo si jambo la usafi peke yake. Moto unaokosa hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huweza kuua watu wakiwa wamelala. Ndiyo sababu jiko la makaa halifai kuingizwa chumbani usiku na mlango ukafungwa, hata baridi ya Julai ikizidi.

MAGADI: MALI YA NYUMBANI

Wanafunzi wa Kajiado hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta dawa ya mafuta. Ziwa Magadi limo katika kaunti yetu hii hii, upande wa kusini, chini katika Bonde la Ufa. Maji ya chemchemi za moto huleta chumvi za sodiamu, jua kali huyakausha maji, na chumvi hubaki zikiwa tabaka nene jeupe na la waridi linaloitwa trona. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911 ili kuchimba trona hiyo, na baadaye ikaingia mikononi mwa Tata Chemicals ya India. Reli ya kubebea magadi ilijengwa katika miaka hiyo ya 1910 kutoka Konza, ikipitia hapo Kajiado mjini, hadi ziwani.

Trona ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti pamoja na maji. Kiwandani huchomwa ili maji na hewa ya kaboni dayoksaidi vitoke, na kinachobaki ni sodiamu kaboneti, unga mweupe unaotumiwa sana kutengenezea kioo na sabuni. Kwa hivyo ukitazama mlango wa kioo wa oveni yenu, huenda unatazama kitu kilichopikwa kwa magadi!

Sasa tufike kwenye kiini. Magadi ni alikali. Alikali ikikutana na mafuta penye maji na joto, huyavunja na kuyageuza kuwa namna ya sabuni, na sabuni huchukuliwa na maji. Hiyo ndiyo siri ya nyanya: uchafu wenyewe hugeuka sabuni. Ndiyo pia sababu bibi zetu walisugulia sufuria kwa majivu. Majivu ya kuni yana potasiamu kaboneti, ndugu yake magadi. Hawakusoma Kemia, lakini waliyajua matokeo yake.

Lakini alikali hazilingani nguvu. Tukitumia kipimo cha pH, maji safi ni 7. Beking soda ya dukani ni kama 8, yaani ni pole. Magadi ni kama 10, na sodiamu kaboneti iliyosafishwa ni kama 11. Kostiki soda, ambayo ni sodiamu haidroksaidi, hufika 13 hadi 14. Tena kila hatua moja katika kipimo hicho ni mara 10, si mara 2. Kwa hiyo kostiki inapita magadi kwa nguvu mara 1,000 au zaidi. Ngozi yetu ina mafuta pia, na kostiki haitofautishi mafuta ya oveni na mafuta ya mkono wa kaka.

Na lile sinia je? Alumini huliwa na alikali kali, na wakati wa kuliwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Ndiyo iliyofokesha povu lile. Hata magadi huifanya alumini iwe nyeusi. Kwa kuwa sufuria na masinia yetu mengi ni ya alumini, shikeni sana neno hili: magadi ni ya kuta za oveni na vyuma vyake, si ya masinia ya alumini. Hayo yaoshwe kwa sabuni, maji ya moto na sponji.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Magadi yaliyotwangwa, vijiko vikubwa 4, au beking soda nusu kikombe. Angalieni msinunue beking pauda mkidhani ni kitu kimoja. Beking pauda imetiwa asidi ndani yake, hivyo nguvu yake ya kusafisha ni ndogo.
2. Maji ya moto, na beseni 2.
3. Glavu za mpira. Zikikosekana, mifuko ya plastiki iliyo mizima.
4. Vitambaa vikuukuu 3 au 4, na sponji.
5. Mwiko wa mbao au kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, ya kukwangulia.
6. Siki kidogo.
7. Magazeti ya zamani ya kutandika sakafuni.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Zima. Oveni ya stima ing'olewe plagi ukutani. Ya gesi ifungwe kwenye mtungi, si kwenye kitufe peke yake. Fungua madirisha. Ngoja ipoe, lakini si lazima iwe baridi kabisa, kwani vuguvugu husaidia.

Hatua ya pili: Toa kila kinachotoka. Rafu za waya, masinia, na kile kibati cha chini kama kinaondoka. Zoa makombo makavu kwanza kwa brashi. Ukilowesha makombo utakuwa umejitengenezea uji wa bure.

Hatua ya tatu: Loweka rafu. Kama ni za chuma, zitie katika beseni lenye maji ya moto lita 2 na vijiko 2 vya magadi. Ziache humo. Kama beseni ni la alumini, tafuta la plastiki.

Hatua ya nne: Paka. Changanya magadi yaliyobaki, au beking soda, na maji kidogo kidogo mpaka upate uji mzito wa kushika ukutani. Paka kuta, sakafu na upande wa ndani wa mlango. Usipake kwenye koili za umeme, taa, kidhibiti joto, vitundu vya gesi, wala ule mpira unaozunguka mlango. Maji na chumvi vikiingia humo utakuwa umetengeneza ubovu kwa mikono yako.

Hatua ya tano: Lala! Naam, hatua hii ndiyo wengi huiruka. Iache usiku mzima, saa 10 hadi 12. Alikali pole hufanya kazi ile ile ya alikali kali, lakini huhitaji muda. Kaka alitaka kununua muda huo kwa kostiki, akalipa kwa ngozi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nimeuona ushahidi wake.

Hatua ya sita: Kwangua na upanguse. Asubuhi ukoko utakuwa umelainika. Kwangua kwa mwiko wa mbao au kadi. Kisu na waya wa chuma wa kusugulia sufuria viache, kwani hukwaruza enameli, na penye mkwaruzo ndipo kutu na mafuta hushika kwanza. Panguza kwa kitambaa chenye maji ya moto, ukisuuza kitambaa katika beseni la pili. Kwa njia hii sisi hutumia nusu ya mtungi mmoja wa maji, na sisi wa Kitengela twajua thamani yake.

Hatua ya saba: Siki mwishoni. Magadi huacha weupe yakikauka. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, lowesha kitambaa, panguza mara moja, kisha panguza kwa maji matupu.

Hatua ya nane: Washa ikiwa tupu. Iache mlango wazi ikauke vizuri, hasa ya gesi. Halafu rudisha rafu, uiwashe kwa dakika 15 hadi 20 madirisha yakiwa wazi. Harufu yoyote iliyobaki itoke hapo, si ndani ya keki ya mtu.

Palipo na vitundu vya kichomeo vilivyoziba, zibua kwa sindano au pini. Njiti ya kibiriti haifai, huvunjikia ndani. Na kama umeisogeza kuka, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi kabla ya kuwasha. Ukiona mapovu yanafura, gesi inavuja. Funga mtungi na umwite fundi.

MAKOSA YANAYOPENDWA

Kosa la kwanza ni kuchanganya siki na beking soda kwa pamoja. Wengi hupenda ule mchemko, wakadhani ndio usafi. Jamani, ule mchemko ni asidi na alikali zikimalizana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu yoyote ya maana. Alikali ifanye kazi yake kwanza, siki ije baadaye kuondoa mabaki.

Kosa la pili ni hatari zaidi: kuchanganya siki na ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ambayo huunguza mapafu. Usifanye hata kwa mzaha.

Kosa la tatu ni kumwagia maji baridi kioo cha mlango kikiwa na moto. Kitapasuka, na kioo hicho si bei ya sponji.

Kosa la nne ni kudhani kwamba kwa kuwa magadi huliwa basi hayana madhara. Magadi ya ziwani huwa na floraidi, madini ambayo yakizidi mwilini huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia, na maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa tayari yana floraidi. Kwa hiyo suuzeni oveni vizuri, na katika maharagwe magadi yawe machache. Na yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi.

Na kama kostiki imemgusa mtu? Mvue nguo iliyolowa, mimina maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha hospitali. Usipake siki, mafuta wala dawa ya meno. Mama hakujua Kemia yake, lakini maji yale ya mitungi 2 ndiyo yaliyookoa mkono wa kaka.

Wengine mtaniuliza, je, hakuna oveni zinazojisafisha? Zipo, na hutumika sana Ulaya na Marekani. Hufunga mlango zenyewe na kupanda joto hadi karibu nyuzi 500, uchafu wote ukawa majivu ya kufagia. Oveni za kawaida hazikuundwa kwa joto hilo, basi usijaribu kuiiga kwa kuiacha ya kwenu ikiwaka usiku kucha. Utachoma mpira wa mlango, na pengine nyumba.

KUITUNZA ISIRUDI ILIKOTOKA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kusafisha oveni iliyosahauliwa ni kazi ya usiku na asubuhi. Kuitunza ni kazi ya dakika 3. Nyumbani sasa tuna ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa kabati:

Kila baada ya kuoka: oveni ikiwa vuguvugu, panguza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mafuta ambayo hayajapikwa mara ya pili hutoka bila ugomvi.

Kikimwagika kitu: nyunyizia chumvi papo hapo kikiwa bado cha moto, kwa mkono ulio mbali na joto. Chumvi hunyonya, na kikipoa hukwanguka kwa urahisi.

Kila juma: osha rafu na masinia.

Kila mwezi: paka uji wa beking soda usiku mmoja, hata kama oveni yaonekana safi.

Tena kuna hila za kuzuia. Usijaze kopo la keki kupita theluthi 2, maana keki huumuka. Weka sinia chini ya chakula kinachotoa mafuta, lakini kwenye rafu, si kwenye sakafu ya oveni ya gesi ambako litaziba vitundu vya hewa. Nyama ifunikwe.

Ratiba ile ina majina yetu sote, na jina la kaka limo. Mwanzoni alilalamika ati jikoni si mahali pake. Mama akamwambia, "Wewe hula keki kwa mdomo wa nani?" Tangu siku hiyo zamu yake haiachi. Tena yeye ndiye mkali kuliko sote, hasa juu ya glavu.

Mama naye hakukata tamaa. Alioka keki nyingine, akampelekea mteja yule yule bila malipo. Mteja alikula kipande akanyamaza, kisha akaagiza 2 za mwaka mpya. Karo haikutimia kwa siku moja, lakini ilitimia.

MSAMIATI WA SOMO

Si vizuri kuondoka katika jarida la Chama cha Kiswahili bila maneno mkononi. Haya hapa:

Joko, tanuri: mahali pa kuokea au kuchomea vitu kwa joto kali. Wengi twasema oveni, na si kosa, lakini tuyajue na haya.

Masizi: weusi laini wa moshi unaoshika chini ya sufuria au ukutani.

Ukoko: chakula kilichogandama na kuungua chomboni. Wa wali huliwa. Wa oveni hauliwi!

Kupalia: kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko cha chombo ili chakula kipate joto la juu na la chini. Ndiyo oveni ya asiye na oveni.

Kuloweka: kuacha kitu majini mpaka kilainike.

Kukwangua: kuondoa kitu kilichoshika kwa kupitisha chombo juu yake.

Kupanguza: kupitisha kitambaa ili kuondoa vumbi au unyevu.

Kusuuza: kuosha mara ya mwisho kwa maji safi.

MASWALI

1. Eleza kwa nini mafuta yaliyopikwa mara nyingi hayatoki kwa sabuni ya kawaida.
2. Kostiki soda ilifanya nini kwenye sinia la alumini? Gesi gani ilitoka?
3. Kwa nini siki hutumiwa mwishoni wala si pamoja na magadi?
4. Mwali wa gesi wa manjano unatuonya juu ya nini?
5. Mjadala: "Usafi wa jikoni ni kazi ya wanawake." Unga mkono au pinga, ukitoa mifano kutoka nyumbani kwenu.

 Walimu wangu, mkiona kosa la sarufi nisameheni. Mkiona kosa la Kemia niiteni ofisini. Na wenzangu, mkifika nyumbani likizo hii, kabla hamjauliza kuna chakula gani, fungueni mlango wa oveni mwangalie ndani. Mkikuta hali kama ilivyokuwa kwetu, magadi mnayajua sasa.

Kwaherini, tuonane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.